Majivu ya Mien

Kila siku akitoka shule, kabla ya kufungua vitabu vyake, Mien alikuwa na kazi ya karatasi. Bibi yake ndiye aliyeipanga. Karatasi safi na kavu, yaani magazeti, madaftari yaliyojaa na maboksi yaliyobomolewa na kulazwa bapa, ziliingia kwenye gunia nyuma ya mlango. Karatasi zilizolowa mafuta au mchuzi zilikwenda kwenye ndoo ya taka, zikisubiri mkokoteni wa manispaa uliopita jioni, chuma kikigongwa ili watu watoke na taka zao.

Gunia la nyuma ya mlango lilikuwa la Thoa. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyepanga chumba mwisho wa kichochoro chao. Alizunguka mji wa Hai Phong kwa baiskeli, akinunua karatasi kuukuu nyumba kwa nyumba na kuziuza kwa kilo kwenye ghala la kando ya mto. Watoto wake aliwaacha kijijini kwa mama yake, na aliwaona mara moja tu kwa mwaka, wakati wa Tet, sikukuu ya mwaka mpya. Karatasi ambazo hajazipeleka ghalani alizipanga nje, kwenye ukuta wa chumba chake, zikafika usawa wa dirisha.

Zamani Mien hakuiona kazi hii kuwa kazi. Aliifanya na mama yake. Walikaa sakafuni, mama akibandua gundi za maboksi, Mien akisoma kwa sauti ya mtangazaji habari za magazeti ya miezi iliyopita, mpaka bibi akawaambia wanyamaze asikie redio. Lakini sasa mama alikuwa Taiwan, akimtunza mzee mmoja mgonjwa katika nyumba ya watu asiowajua. Baba alikuwa mchomeleaji wa vyuma kwenye karakana ya meli. Alirudi giza likiwa limeingia, akala, akalala. Bibi naye miguu ilikuwa imevimba na hakuweza kuinama. Kazi ya karatasi ikabaki ya Mien peke yake.

Mwezi wa mwisho wa mwaka ulikuja na baridi kavu. Anga ilikuwa ya kijivu asubuhi hadi jioni, na upepo ulipita kichochoroni ukiwakausha watu midomo. Jumamosi moja mama alipiga simu. Alisema mzee anayemtunza amezidiwa, na wenye nyumba wamemwomba asiondoke. Hatakuja Tet.

"Umesikia, mwanangu?" aliuliza mama.

"Nimesikia," alisema Mien, akampa bibi simu.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, bibi alimwonyesha lundo lililokuwa chini ya ngazi. "Leo utoe zile karatasi zote. Za Thoa uziweke kwake, za taka uziweke kwenye taka. Sitaki mwaka mpya utukute na uchafu wa mwaka huu."

"Ni nyingi, bibi. Na nyingine zimelowa."

"Ndiyo maana nimekwambia uzichambue. Ukimchanganyia Thoa karatasi mbichi, ghalani watamrudishia mzigo mzima."

Bibi akaenda kulala. Mien akapiga magoti chini ya ngazi. Kulikuwa na maboksi ya mayai, madaftari yake ya darasa la nne na la tano, mifuko ya saruji ambayo baba aliileta siku alipoziba ukuta. Katikati ya lundo akakutana na kalenda ya ukutani. Alikuwa ameitia alama mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akikata kila siku iliyopita, akiielekea Tet, akimngoja mama. Baba alikuwa ameitoa ukutani jana usiku.

Mien aliikunja kalenda ile, akaikunja tena. Wakati huohuo dirishani ilitokea sauti ya Lam, rafiki yake wa darasa moja.

"Wewe, tunakungoja uwanjani. Umebeba raketi au umebeba takataka?"

"Bibi amenipa kazi."

"Kila siku karatasi, karatasi. Mwisho utaolewa na gazeti, wewe. Tunaanza sasa hivi, ukichelewa nafasi yako anachukua mwingine."

Lam akaondoka. Mien akaangalia lundo, akaangalia debe la bati ambalo nyumba yao ilitumia kuchomea karatasi wanazotolewa wahenga siku za matambiko. Akalibeba debe hadi nje, nyuma ya jiko, akatia kalenda kwanza. Akawasha kiberiti.

Kalenda iliungua haraka, na alisimama akiitazama hadi ule wino mwekundu ukawa mweusi. Maboksi ya mayai yakashika moto. Lakini madaftari yalikuwa manene na yenye unyevu. Yaliungua pembeni tu, yakatoa moshi mzito uliomchoma macho. Jirani mmoja akafunga dirisha lake kwa kishindo. Mien akayachokoa kwa kijiti, mwali ukafa, na akaona ni bahati kubwa kwamba moto umezimika wenyewe bila yeye kwenda kuteka maji.

Sasa ilibidi debe lirudi mahali pake kabla bibi hajaamka. Akamimina vyote, majivu na madaftari yaliyoungua nusu, ndani ya boksi kubwa, akalifunika kwa zile karatasi nyingine, zilizolowa kwa zisizolowa. Akalibeba hadi mwisho wa kichochoro. Chini ya boksi alihisi joto kwenye viganja. Akajiambia kwamba ni joto la debe tu. Akaliweka boksi juu ya karatasi za Thoa na kukimbilia uwanjani.

Walicheza hadi raketi zikawa nzito. Wakati wa kurudi, Mien alisikia harufu kabla hajafika. Kisha akaona watu wakikimbia na mabeseni, na maji meusi yakitiririka kuelekea mtaroni. Ukuta wa chumba cha Thoa ulikuwa umeungua hadi juu ya dirisha. Lundo lote lilikuwa limekwisha. Pembeni ililala baiskeli, matairi yameyeyuka, fremu imejikunja.

Thoa alikuwa amerudi kutoka mjini, akaegemeza baiskeli yenye mzigo wa siku nzima karibu na lundo, akaingia ndani kunawa uso. Alipotoka, moto ulikuwa umepanda. Alijaribu kuivuta baiskeli. Kamba za nailoni zilizofunga mzigo ziliyeyuka na kumganda mikononi. Mien alimwona akipandishwa kwenye teksi, mikono ameiinua mbele yake kama mtu aliyebeba kitu, lakini hakubeba kitu.

Watu hawakutawanyika. Mama Phuc, muuza supu ya tambi, alimgeukia Babu Hoanh. Huyu mzee alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria. Wakati hana mteja alipenda kukaa kwenye kigoda karibu na ukuta wa Thoa, kwa kuwa hapo upepo haukumfikia, akinywa chai na kuvuta sigara.

"Babu Hoanh, leo ulikaa pale?"

"Nilikaa."

"Ulivuta?"

"Nilivuta."

"Na kipisi ulikitupa wapi?"

Mzee akatazama vidole vyake, kama vitamwambia. "Sikumbuki," alisema. "Huwa nakikanyaga. Nadhani nilikikanyaga."

"Unadhani," alisema Mama Phuc.

Mien alisimama nyuma ya watu wazima, raketi mkononi. Huenda kweli ni sigara, alifikiri. Moto wangu ulikuwa umezimika. Alirudia maneno hayo akila na akioga, na akayalalia. Asubuhi yalikuwa bado yapo, lakini yalikuwa hayamsaidii tena.

Kichochoro kilibadilika. Abiria waliozoea kumwita Babu Hoanh waliita pikipiki za barabarani. Kigoda chake kikahama hadi upande wa pili wa barabara, kwenye upepo. Watoto walimpa jina. Siku moja Mien na Lam walipita karibu naye, na Lam akasema kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, Babu Kiberiti." Wavulana waliokuwa nyuma wakacheka. Mzee akajifanya anafuta kioo cha pikipiki. Alikuwa anakifuta mahali palepale.

"Usimwite hivyo," alisema Mien.

"Kwani uongo? Nyumba nzima ingeungua."

Mien akajibu kwamba kichwa kinamuuma, akaenda nyumbani peke yake.

Thoa alirudi kutoka hospitali akiwa na bendeji hadi kwenye viwiko. Ule ndio msimu wake mkubwa wa kazi, kwa sababu kabla ya Tet kila nyumba husafisha na kutoa karatasi za mwaka mzima. Sasa alilala chumbani akisikiliza wanunuzi wa mitaa mingine wakipita na kuita watu watoe maboksi. Bibi alipika uji wa wali na nyama, akautia kwenye chombo chenye mfuniko, akampa Mien.

"Mpelekee shangazi Thoa. Umlishe, hawezi kushika kijiko."

Mien alitaka kusema ana kazi za shule. Lakini bibi alikuwa amekwisha kumvika skafu.

Chumba kilinuka moshi na dawa. Thoa alikuwa amekaa kitandani, shuka mabegani. Mien akampulizia uji, akampa kijiko baada ya kijiko. Thoa alikula akiwa amefumba macho, kama mtu anayeona aibu kulishwa.

"Shule vipi?" aliuliza.

"Nzuri, shangazi."

"Mwanangu wa kwanza ni rika lako. Jana kanipigia simu, ananiuliza nitamletea viatu vya rangi gani. Nimemwambia achague mwenyewe. Sijamwambia kuhusu mikono. Atawaambia wenzake, mama yangu atasikia, hatalala."

Mien alikifuta kijiko kwenye ukingo wa bakuli.

Hodi ikabishwa mlangoni. Aliingia Babu Hoanh, kofia mkononi, na fungu la machungwa. Hakukaa mpaka alipoambiwa akae.

"Thoa, nimepata mtu wa kuinunua pikipiki," alisema. "Anakuja kesho. Nitakununulia baiskeli, na itakayobaki itakuwa ya dawa na nauli ya nyumbani."

"Babu, na wewe utakula nini?"

"Mimi ni mtu mmoja. Mwanangu aliyeko mji wa Vinh ataniangalia, nitahamia kwake." Alizungusha kofia yake. "Tangu siku ile nalala na kuamka nakitafuta kile kipisi. Nakiona nimekikanyaga, halafu nakiona sijakikanyaga. Uzee umeniingia kichwani, Thoa. Nisamehe."

"Mimi sikukulaumu."

"Najua. Lakini mikono yako naiona."

Mien aliweka bakuli sakafuni. Alitaka kusema taratibu na kuanza mwanzo, kuanzia simu ya mama, kalenda na Lam dirishani, ili wamwelewe. Lakini kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Siyo sigara. Ni mimi. Nilichoma karatasi kwenye debe, sikuzimwagia maji, nikaziweka kwenye boksi juu ya mzigo wako. Boksi lilikuwa na joto. Nilijua lina joto."

Babu Hoanh aliacha kuizungusha kofia yake.

"Rudia," alisema Babu Hoanh.

Mien akarudia. Safari hii alilia, na maneno yakatoka vipandevipande. Mzee alikaa akimtazama, kisha akafunika uso kwa kofia na mabega yakaanza kumtikisika. "Kwa hiyo nilikikanyaga," alisema ndani ya kofia. "Nilikikanyaga."

Thoa aligeukia ukuta. "Nenda nyumbani, Mien," alisema. "Leo sitaki kukuona."

Babu Hoanh ndiye aliyemsindikiza. Hakumshika mkono, lakini alitembea polepole ili waende sawa. Walipofika mlangoni alisema, "Bibi yako asikie kwako wewe. Akisikia kwa Mama Phuc itakuwa mbaya zaidi." Kisha akaenda kumwambia yule mnunuzi asije.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Na mimi nilikuwa nimelala." Baba aliporudi, glavu za kazi bado mkononi, ilibidi Mien aseme kwa mara ya tatu. Baba alikaa kwenye ngazi kwa muda mrefu. Mien aliona afadhali angempiga.

"Vaa viatu," alisema mwishowe.

Walikwenda mlango kwa mlango. Kila mlango ulipofunguliwa baba alisema, "Binti yangu ana neno," kisha akanyamaza na kumwacha. Wengine walitikisa vichwa. Mmoja alisema alijua tangu mwanzo, ingawa hakuwa anajua. Mama Phuc alisikiliza akiwa ameshika mwiko, uso ukabadilika rangi. Asubuhi yake alivuka barabara na bakuli la supu, akaliweka mbele ya Babu Hoanh, akarudi bila kumtazama machoni. Siku iliyofuata akakibeba mwenyewe kigoda cha mzee, akakirudisha ukutani.

Shuleni Lam hakumcheka. Alikaa naye, wakala bila kuongea, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuchekwa.

Baba aliipeleka karakanani fremu ya baiskeli ya Thoa. Alipomaliza zamu aliikata, akainyoosha na kuichomelea, akaitafutia magurudumu yaliyotumika. Mien alichukua mkokoteni wa Mama Phuc wa kubebea makaa, akazunguka kila nyumba ya kichochoro kuomba karatasi za Tet. Jioni ya kwanza Thoa alitoka chumbani, akasimama karibu na mzigo, mikono imening'inia ndani ya bendeji. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha Mien tangu siku ile ya uji.

"Hilo boksi la samaki liondoe. Si la hapa, ni la taka."

"Upande mmoja ni safi, shangazi."

"Basi chana upande safi, ule mwingine ukatupe. Mafuta yanatembea kwenye karatasi. Kesho yatakuwa yamefika chini kabisa."

Mien akachana. Kuanzia jioni ile Thoa alikuja kila siku, akielekeza kwa kidevu kwa kuwa vidole havikufanya kazi. Vitabu hivi visikunjwe. Karatasi hii imelowa, ianikwe kwanza. Hakumsifu na hakumkaripia. Majirani, waliozoea kutupa vyote kwenye ndoo moja, walianza kuleta karatasi zao zimefungwa tayari, wengine kwa kujali, wengine kwa kuogopa kuangaliwa. Babu Hoanh aliibeba mizigo hadi ghalani kwa pikipiki. Haikufikia alichopata Thoa mwaka uliopita, lakini nauli ilipatikana, na viatu pia.

Daktari alimwondolea bendeji siku chache kabla ya Tet. Ngozi ilikuwa imeshika, nyekundu na laini kama ya mtoto mchanga, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vimekunjika. Alisema vitabaki hivyo.

Asubuhi ya safari, mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Babu Hoanh alikuwa amewasha pikipiki kumpeleka Thoa kwenye kituo cha mabasi. Mien alifunga boksi la viatu juu ya begi, akakaza fundo, akarudi nyuma.

"Shangazi, umenisamehe?"

Thoa alivitazama vidole vyake vilivyokunjika. "Sijui. Siku nyingine nakuwa nimekusamehe, halafu najaribu kufunga kifungo cha koti." Akamsogelea, akainama kidogo, uso kwa uso. "Nisikilize. Ulifikiri ukitoa karatasi nyumbani kwenu zimekwisha. Hazikwishi. Kila unachotoa mlangoni kinamfikia mtu, na yule mtu ana mikono. Kwa hiyo kavu uiweke kando, yenye mafuta uitupe kwenye taka, na moto uache kabisa. Siku ya matambiko, majivu yamwagie maji hadi uweze kuyashika. Na ukikosea, useme siku ileile. Babu huyu ulimwacha kwenye baridi."

"Ndiyo, shangazi."

"Nikirudi nitapita kuchukua gunia lenu."

Akapanda nyuma ya mzee. Hakuweza kushika vizuri, kwa hiyo alimzungushia mkono wote kiunoni. Mien alisimama mvuani hadi pikipiki ilipokata kona, kisha akaingia ndani, akampigia mama yake simu ili amwambie yote mwenyewe.